Mhudumu wa Kumi na Saba

"Hivi wewe mama, huwa unafanya nini humo ndani tangu asubuhi mpaka jioni?"

Swali hilo aliliuliza jirani, fundi cherehani wa mlango wa pili, siku moja akiwa barazani kwake na pini mdomoni. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza maji yatatoka saa ngapi. Mwenzake akamjibu kwamba anajibu barua. Fundi akataka kujua barua za nani, akaambiwa za watu. Hapo fundi akacheka mpaka pini zikamdondoka. Akasema kama ni hivyo basi na yeye anayo moja, aliwaandikia watu wa ardhi mwaka juzi na hadi leo kimya, amsaidie kuijibu. Tangu siku ile akambandika jina la Mama Barua, na jina likanata, hata watoto wa mtaani wakalijua.

Mama Barua hakulichukia. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na minane, hakujaliwa mtoto, na kwa mtu wa namna hiyo kuitwa Mama wa kitu chochote ni heshima.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna kampuni ya kusafirisha vifurushi. Mtu akituma mzigo wake usifike, au ufike umepondeka, anaandika malalamiko kwenye mtandao, na malalamiko hayo yanagawiwa wahudumu thelathini, kila mmoja kwake, kila mmoja na kompyuta yake. Hawajuani hao. Hawajawahi kukaa chumba kimoja hata siku moja. Majina yao yamo kwenye mafaili tu. Mteja hujibiwa na Mhudumu wa Tatu, au Mhudumu wa Ishirini, na Mama Barua alikuwa wa Kumi na Saba. Aliingia kwa mtihani wa kuandika, akatuma nakala ya kitambulisho, akaletewa neno la siri na simu ya kazi, basi. Miaka minne ilipita na hakuna mtu wa kampuni aliyewahi kuisikia sauti yake, wala yeye kuisikia ya kwao. Mkubwa wao aliitwa Msimamizi, naye pia alikuwa ni maandishi.

Kila asubuhi saa mbili kamili wahudumu wote huandika neno moja kwenye kikundi: Nipo. Asiyeandika mpaka saa mbili na dakika tano anahesabiwa hayupo, na asiyekuwepo na lake halipo. Mama Barua hakuwahi kuchelewa. Alikuwa ameshaoga, ameshasali, amevaa gauni lililopigwa pasi na viatu vya kufunika, ndipo anakaa mezani pembeni ya kitanda. Mdogo wake akimtania: "Dada, hivyo viatu unamvalia nani, meza?" Naye humjibu kwamba kazi ni ibada, na mtu haendi kwenye ibada na kandambili.

Huyo mdogo wake alikuwa msusi. Walipishana miaka kumi na sita. Mama yao alipofariki, mdogo alikuwa hata kunyoosha shuka hajui, na Mama Barua ndiye aliyemlea, akamsomesha mpaka aliposhindwa kusoma, akampeleka kwa wasusi mpaka akajua. Mikono ya Msusi ilikuwa ya baraka, lakini mdomo wake haukuwa na breki. Alimwambia mteja mmoja kwamba kichwa chake kina kona, mwingine akamwambia nywele zake zimemkimbia kwa aibu, na mwenye saluni akachoka. Kwa hiyo miaka miwili sasa alikuwa amerudi kwa dada yake, analala chumba cha mbele, anapika, anafua, anasubiri Mungu afungue mlango mwingine.

Mama Barua alikuwa na namna yake ya kujibu. Wenzake, alivyosikia, walikuwa na majibu matatu ya kuzungusha: pole kwa usumbufu, tunalifanyia kazi, asante kwa uvumilivu. Yeye hakuweza. Mtu akiandika kwamba kifurushi chake kimepotea, alimwandikia mtunza stoo wa mji kilikotoka, akamwandikia dereva, akamwandikia mtunza stoo wa mji kinakokwenda, akawafuata mpaka wakamchoka, na kifurushi kikaonekana nyuma ya magunia. Hapo ndipo anamjibu mteja, na anamweleza kila kitu, kilikuwa wapi na kitafika lini. Siku nzima alijibu watu ishirini, wakizidi sana ishirini na wawili. Wenzake walijibu hamsini.

Na kila Ijumaa jioni Msimamizi alitoa orodha ya wahudumu kumi waliofanya vizuri wiki hiyo. Mama Barua aliisoma kwa kidole, kutoka juu mpaka chini, kisha kutoka chini mpaka juu, kama mtu aliyeangusha sindano. Kumi na Saba haikuwahi kuwemo. Akifunga kompyuta alijiambia kwamba anayefanya sirini Mungu anamwona, na alikuwa anaamini kwa dhati. Lakini Ijumaa inayofuata kidole kilirudi palepale.

Mara moja mzee fulani alimwandikia kumshukuru. Mzee huyo alikuwa amefiwa na kijana wake ugenini, na nguo za marehemu zilipotea njiani miezi mitatu, mpaka Mama Barua alipozipata. Aliandika kwamba wamekaa ndani, yeye na mkewe, wakazinusa zile nguo zikiwa bado hazijafuliwa. Mama Barua alilia. Akaichukua barua ile akamtumia Msimamizi, bila kuongeza neno. Baada ya siku mbili Msimamizi alimjibu kwa picha ya kidole gumba.

Basi mwaka huo ukaja uvumi, na uvumi ukawa tangazo. Kampuni ilitaka mkuu wa wahudumu, achaguliwe miongoni mwa hao wa majumbani. Atakayechaguliwa ataitwa makao makuu, atapewa ofisi, na mlangoni itawekwa kibao chenye jina lake kamili. Mama Barua alilisoma tangazo lile mara nyingi, na kila mara macho yalisimama kwenye kile kibao. Msusi alimkuta jioni anaandika jina lake kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kuona litakaaje. Mama Barua akaikunja ile karatasi haraka kama binti aliyefumwa na barua ya mvulana.

Hapo ndipo jicho lilipomgeuka. Lilianza kuwasha, likawa jekundu, asubuhi moja akaamka linatoka maji na haoni upande wa kulia. Daktari wa macho akasema kuna kidonda kwenye mboni. Akalitibu, akalifunga, na la pili akalifunga vilevile, akieleza kwamba macho ni ndugu, moja likihangaika na lenzake halitulii. Siku kumi na mbili asiguse bandeji, asitazame kitu.

Ruhusa ya ugonjwa ilikuwepo kwenye mkataba. Lakini mhudumu wa Tisa aliomba ruhusa ya kujifungua, na aliporudi alikuta namba Tisa inajibu watu bila yeye. Kila mtu aliijua habari hiyo. Na sasa hivi, na huo uteuzi mlangoni, Mama Barua aliona kuomba siku kumi na mbili ni kujichimbia kaburi mwenyewe. Akamwita mdogo wake, akamwambia neno la siri sikioni, ingawa walikuwa wawili tu nyumbani. Makubaliano yalikuwa kwamba Msusi atamsomea barua, yeye atasema jibu, na Msusi ataandika kama alivyoambiwa, nukta kwa nukta. Mama Barua hakuona kwamba ni uongo. Maneno yatakuwa yake, mikono tu ndiyo ya kuazima.

Siku ya kwanza ilikwenda hivyo. Walijibu watu tisa, na Msusi akalalamika kwamba vidole vimekufa ganzi. Siku ya pili Mama Barua, akiwa ameketi kitandani na bandeji yake, alianza kusikia jambo. Yeye amesema sentensi nne, lakini vidole vimegusa mara tatu tu, tak, tak, tak, na tayari mdogo wake anasoma barua nyingine.

"Nimesema maneno ishirini, wewe umebonyeza mara tatu," alisema.

Msusi akacheka. Akamweleza bila kuficha kwamba amegundua mahali ambapo majibu yamehifadhiwa yakiwa tayari, unachagua tu na kutuma. Mama Barua akamwambia aache, mtu huyo anataka kujua mashine yake ya kusagia iko wapi. Msusi akasema wanaolalamika hawataki kujua kitu kiko wapi, wanataka kuambiwa neno tamu wanyamaze. Yeye amekaa na vichwa vya watu miaka tisa, anawajua. Dada yake akaamuru. Msusi akaitikia ndiyo dada, na vidole vikaendelea, tak, tak, tak. Mtu aliyefungwa macho atafanya nini? Mama Barua alisema majibu yake kwa sauti mpaka koo likakauka, na majibu hayo yaliishia hewani mle chumbani. Siku ya tatu akanyamaza.

Ijumaa jioni Msusi alisoma orodha. Alianza juu, na hakwenda mbali.

"Kumi na Saba," alisema. "Wa kwanza, dada. Barua mia tatu na arobaini."

"Soma tena," Mama Barua alisema.

Akasomewa tena. Moyo wake uliruka, na kabla haujatua ukakumbuka. Alikaa mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyepewa zawadi na ndani akakuta ameandikiwa mtu mwingine. Msusi alikwenda jikoni akiimba.

Jumatatu simu ya kampuni ililia, ile ambayo miaka minne haikuwahi kulia. Msusi aliipokea na kuiweka spika. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nyepesi, ya mtu aliyeshiba vizuri. Alijitambulisha kuwa ndiye Msimamizi, akasema amempigia Kumi na Saba kumpa pongezi zake kwa mdomo, kwa kuwa mabadiliko kama haya hajawahi kuyaona.

"Niambie ukweli," sauti ilisema. "Umezinduliwa na nani? Maana miaka minne yote ulikuwa umelala. Nilishasema huyu ni wa kutoa."

Mama Barua alikuwa hatua mbili kutoka kwenye simu. Alimsikia mdogo wake akivuta pumzi, akadhani sasa atasema.

"Nilikuwa na mzigo fulani wa nyumbani, bosi," Msusi alisema. "Nimeutua."

Walicheka wote wawili, yule wa kule na huyu wa hapa. Kisha Msimamizi akasema jina lake limepita, ndiye mkuu wa wahudumu, na Alhamisi watazungumza kwa kamera, aone uso wake na kumtangaza kwa wenzake, ili Jumatatu inayofuata aripoti makao makuu.

Simu ikakatika. Mama Barua ndiye aliyeanza, na alianza kwa upole. Alisema Alhamisi asubuhi bandeji inatolewa, kwa hiyo ni heri, atakaa mwenyewe mbele ya kamera, na akishaingia ofisini atarekebisha yale majibu ya kubonyeza, kila mtu atajibiwa kama mtu. Msusi akauliza ataingia ofisini kwa kazi ya nani.

"Namba ni yangu," alisema Mama Barua. "Jina ni langu."

"Jina lako limekaa pale miaka minne halijaitwa. Mimi nimelivaa siku sita, limeitwa."

Mama Barua alipandwa na hasira ambayo hakujua kama anayo. Akamwambia mtu ambaye hata kiti cha saluni kilimshinda asimfundishe kazi. Akamkumbusha nani alimlea, nani alimfunga nepi, nani aliacha kuolewa tena kwa ajili yake. Alisema mengi, na mengine yalikuwa kweli. Msusi alimwacha amalize. Kisha akaongea taratibu, na ndiyo maana yaliingia.

"Mimi miaka miwili napika humu ndani. Nafua, napiga pasi hilo gauni unaloivalia meza. Ulishawahi hata siku moja kusema chakula hiki kizuri? Unalia kwa sababu bosi wako hakuoni. Mimi ungeniona lini?"

Mama Barua alitafuta siku moja ambayo amewahi kumsifu, moja tu. Alitafuta kwa bidii, kama alivyokuwa akitafuta vifurushi, na hakuipata. Lakini badala ya kusema hivyo, akasema kupika si kazi ya kumtangazia mtu. Msusi akatoka kwenda kuota jua uani, na siku mbili zilizofuata walisemeshana kwa mambo ya lazima tu, maji ya kuoga na dawa ya macho.

Usiku Mama Barua alisali aombewe na malaika wake. Alijiambia damu ni damu, na mtoto aliyemtafunia chakula hawezi kumla yeye. Jumatano aliuliza mazungumzo ya kamera ni saa ngapi. Msusi akasema saa nane mchana.

Alhamisi fundi cherehani ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kwa daktari, kwani Msusi alisema lazima mtu aandike Nipo. Njiani fundi alimsimulia habari za mtaa, na Mama Barua naye, kwa kuwa furaha ilimzidi, akamwambia kwamba leo ndiyo siku, leo atatangazwa. Fundi akasema atamshonea gauni la kuingilia ofisini, na kwamba sasa ile barua yake ya ardhi imepata mwenyewe. Kwa daktari hapakuwa na foleni. Bandeji ikafunguliwa, mwanga ukamchoma, akapepesa, akaona kwanza koti jeupe, kisha kidole cha daktari, kisha uso wa fundi wenye tabasamu. Saa nne na nusu walikuwa wamesharudi.

Mlango wa chumba ulikuwa umeegeshwa. Alisikia ile sauti nyepesi ya mwanamume kabla hajausukuma. Ndani Msusi ameketi mezani, mgongo umenyooka, nywele amezisuka upya kwa ustadi. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na kijana mwembamba mwenye ndevu zilizochongwa, umri wa kuweza kuzaliwa na Mama Barua. Huyo ndiye Msimamizi. Miaka yote alikuwa akimwaza mnene mwenye mvi.

Mama Barua alisogea mpaka akasimama nyuma ya kiti. Aliona uso wake mwenyewe ukiingia kwenye picha ndogo ya pembeni, macho mekundu, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande.

"Nani huyo mama nyuma yako?" Msimamizi aliuliza. "Mwambie atupishe, tuko kazini."

"Ni dada yangu," Msusi alisema, bila kugeuka. "Macho yanamsumbua."

Mama Barua alisema ndiye Kumi na Saba. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu akiitwa darasani. Akaeleza yote: ugonjwa, bandeji, neno la siri alilompa mdogo wake, na majibu ambayo hayakuwa yake. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa mwenzake mkononi, hajui aingie au arudi. Msimamizi alisikiliza akiwa ameegemea mkono. Akauliza ana ushahidi gani, kwani yeye hajawahi kuisikia sauti ya Kumi na Saba zaidi ya hii aliyoisikia Jumatatu.

Ndipo Mama Barua akamkumbusha yule mzee, na nguo za marehemu mwanawe, na barua aliyomtumia.

"Nilikujibu?" kijana aliuliza.

"Ulinijibu. Kwa kidole gumba."

"Hivyo vidole natuma mia kwa siku, mama." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayemsaidia. Akainama, akabonyeza kitu upande wake, akainua uso. "Sikilizeni, nisiwapotezee muda. Mimi sijui nani ni nani kati yenu, na kusema kweli sina haja. Hapa mbele yangu nina barua mbili. Hii moja niliiandika mwezi uliopita: Kumi na Saba tunakushukuru, mkataba umekwisha, kazi yako ni pungufu. Sikuwahi kuituma. Hii nyingine nimeiandika jana, ya kupandishwa cheo. Zote mbili zina jina moja. Mama, ukiniambia huyu aliyekaa ndiye mwenye jina, nakaa kimya, natuma ya pili, mtajuana wenyewe huko nyumbani kwenu. Ukiniambia ni wewe, umekiri umetoa neno la siri, na ya kwanza ndiyo yako. Mwenye jina aseme."

Kilichomuumiza Mama Barua kuliko tishio ni lile neno, pungufu. Miaka minne alidhani hawamwoni. Kumbe walimwona, wakampima, wakamwandikia.

Alimtazama mdogo wake. Angeweza kunyamaza. Jina lake lingewekwa mlangoni kama alivyolitaka, kwa herufi kubwa, na ndani ya mlango angekaa mwingine, na jioni mshahara na habari za ofisini vingerudi nyumbani humuhumu. Wengi wangenyamaza, na wala Mungu asingewalaumu sana. Lakini alikuwa amengoja miaka minne mtu amuulize wewe ni nani, na sasa ameulizwa.

"Mwambie," alimsihi mdogo wake. "Mwambie zile barua za zamani nani alikuwa anaziandika. Kwamba kazi haikuwa pungufu. Hilo tu. Cheo chukua."

Msusi aliangalia kucha zake.

"Dada alikuwa anapenda kukaa karibu ninapofanya kazi," aliiambia kompyuta. "Alikuwa ananisomea barua kabla macho hayajaharibika. Nadhani amezizoea."

Mlangoni fundi alivuta pumzi kwa meno. Mama Barua akainama mpaka uso wake ukajaa kwenye kile kioo, na macho yake mekundu yakamtazama kijana yule.

"Jina ni langu," alisema. "Kitambulisho kiko kwenye kabati, nakuletea. Ni mimi."

"Sawa, mama," Msimamizi alisema. "Asante kwa ukweli."

Akabonyeza. Kompyuta ikatoa mlio mdogo, ule wa barua kuingia. Mama Barua hakuhitaji kuifungua. Kijana aligeuza macho kwa Msusi, na kana kwamba hakuna jambo lolote lililotokea, akamwambia kwamba namba hiyo imefungwa, ila mikono iliyojibu watu mia tatu na arobaini kwa wiki haiwezi kuachwa mtaani. Akamuuliza jina lake halisi. Msusi akalitaja, la kwanza, la baba na la ukoo, herufi kwa herufi, na Msimamizi akaandika. Akasema Jumatatu saa mbili, asichelewe. Akatoweka. Kwenye kioo pakabaki kisanduku kitupu kikiuliza neno la siri.

Mama Barua alikalia kitanda. Akajaribu kuwaza kesho asubuhi itakuwaje, saa mbili, na akaona hawezi kuiwaza.

Msusi aliinuka, akafunga kompyuta taratibu, akaenda chumba cha mbele. Aliporudi alikuwa na begi, na begi lilikuwa limejaa. Si begi la kufungwa dakika ile. Lilikuwa limepangwa tangu siku kadhaa, nguo zimekunjwa, vitana vimefungwa kwenye kitambaa, viatu viko chini. Mama Barua, ambaye ndiye aliyemfundisha kupanga begi, aliona hivyo kwa kulitazama tu.

"Ungeniambia lini?" aliuliza. "Ningerudi kwa daktari nikakuta umeshaondoka?"

Fundi akasogea pembeni, mkoba bado mkononi. Msusi akapita katikati yao, akavuta begi juu ya kizingiti, akatoka.